Sahani ya Baba Mdogo

Kuna mlio mmoja ambao ukinipata popote, hata katikati ya soko la Machakos nikichagua mbegu, hunirudisha nyumbani kwa mama papo hapo. Ni mlio wa sahani ya bati ikifunikwa kwa sahani nyingine ya bati. Si mlio mkubwa. Ni kama mtu aliyegonga meno mara moja akijizuia kusema neno. Wengine wakiusikia hufikiri chakula kiko tayari. Mimi nikiusikia humfikiria baba mdogo Nzioka, na taya zangu hujikaza zenyewe.

Sahani yenyewe ninayo mpaka leo. Ni nyeupe, ina ukingo wa buluu, na upande mmoja imebanduka rangi mahali panapofanana na sikio la mtu. Nitawaeleza habari zake, maana majirani wamezoea kunisifu kwa ajili ya sahani hiyo, na sifa nyingine ninazopewa si zangu.

Kwetu ni mlimani, juu ya barabara ya kwenda Kathiani, mahali ambapo shamba halikai bila kushikiliwa. Mvua ikija, huja na hasira, na usipochimba mitaro ya kuikinga, udongo wako huteremka ukalimwe na watu wa bondeni. Baba alikuwa akichonga mawe huko Lukenya. Ukuta wa machimbo ulimwangukia nilipokuwa darasa la nne. Mimi, Mutinda, ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu yuko dada yangu Mwikali, na wa mwisho ni Kimeu, ambaye sura ya baba anaijua kwa kusimuliwa tu.

Mama alitulea kwa kazi. Sisemi kwamba alitutumikisha. Mtoto anayetumikishwa hupewa kazi ambayo mkubwa hataki, lakini mama alitupa kazi ambazo yeye mwenyewe alizipenda, na hapo ndipo taabu ilipokuwa, kwa sababu alijua zinavyopaswa kuwa. Mwikali alifundishwa kunoa jembe kwa tupa na kulipachika mpini. Kimeu, kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, alikuwa na kuku wake wa kufungulia asubuhi na kufungia jioni, na ole wake kuku mmoja alale nje. Mimi nilifundishwa kutwanga muthokoi.

Ambaye hajaula muthokoi namwonea huruma. Ni mahindi makavu yanayonyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa kinuni mpaka ngozi yote itoke, kisha yanapepetwa kwa ungo, yanaanikwa, na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi mpaka yalainike kama siagi. Huku kwetu kutwanga ni kazi ya wanawake. Mvulana akishika mchi, wapita njia husimama. Walisimama sana kwetu. Kuna mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, na kila siku aliniuliza kama nimeshapata mchumba wa kunioa. Nilimlilia mama aniondolee aibu hiyo. Akanijibu bila kuinua macho, "Tumbo halijawahi kuuliza aliyetwanga ni mvulana au ni msichana."

Hakuwa mtu wa kelele. Nikimpelekea ungo, aliingiza mkono, akayachota mahindi, akayatazama kiganjani kama mtu anayesoma, na kama kulikuwa na ngozi iliyobaki alinirudishia na neno moja: "Rudia." Nilipepeta tena. "Rudia." Siku moja nilimwambia imetosha. Akapika vile vile, akala yeye na wenzangu viazi, mimi akanipakulia muthokoi wangu, sufuria nzima. Ngozi zilinigandia kwenye kaakaa kama karatasi. Nikajua kwamba "imetosha" ni neno linalosemwa na anayekula, halisemwi na anayetwanga. Lakini moyoni nilimwekea kinyongo, na nilikuwa na moyo mzuri wa kuweka vinyongo, umebaki hivyo.

Kinyongo kikubwa zaidi kilikuja msimu uliofuata mazishi ya baba.

Shamba letu na la baba mdogo yalipakana kwenye mteremko, letu juu, lake chini, na katikati kulikuwa na mstari wa makonge uliopandwa na babu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta mstari umepanda mlima. Makonge yale yale makubwa, majani yake yamenyauka kidogo, yalikuwa yamesimama ndani ya shamba letu, na kipande kizima cha ardhi kilikuwa kimebaki upande wa pili. Baba mdogo alikuwa pale chini ameshika kofia yake, akimfunga fahali wake alishe kwenye nyasi ambazo jana zilikuwa zetu.

"Shemeji," alimwita mama, "naona mmeamka."

"Tumeamka," mama akasema.

Hilo tu. Nilimngoja apige mayowe, aite wazee, aokote jiwe. Alisimama kidogo akitazama chini mahali makonge yalipokuwa yamesimama zamani, akageuka akarudi jikoni. Siku hiyo alitwanga mwenyewe. Alipika muthokoi na mbaazi na kitunguu, akapakua sahani yenye ukingo wa buluu mpaka ikafanya kilima, akaifunika kwa sahani nyingine. Mlio ule. Akanipa.

"Mpelekee baba mdogo."

"Mama, ametuibia shamba!"

"Peleka kabla haijapoa. Na upite njia ya juu, ile ya mkato ina nyoka."

Njia ya juu ilikuwa ndefu, ilizunguka kilima chote ikipita mbele ya kila mlango wa kijiji kabla ya kushuka kwa baba mdogo. Nilitembea na sahani ile mikononi, moto wake ukipenya mpaka vidoleni, mvuke wake ukinipiga pua, na kila aliyekuwa uani aliniuliza nampelekea nani. Nilijibu kwa kisirani, "Baba mdogo." Wakaitikia, "Ahaa." Nilipofika, baba mdogo alifunua, akanusa, akacheka. "Mwambie mama yako asisahau chumvi wakati mwingine."

Nyinyi mnajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unaweka limau, unaweka yai, unaweka kipande cha kuni juu yake. Sahani yetu ilirudi tupu, tena haikuoshwa. Mahindi yalikuwa yamekaukia ukingoni. Mama aliiloweka, akaiosha, akaiweka. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, akaipakua tena.

Basi ikawa desturi. Kila Jumapili njia ya juu, kila Jumapili sahani chafu. Nilikuwa nikipanga kisasi njia nzima. Nilipanga niwe mkubwa kama lori la mawe, nilale juu ya nyumba yake mpaka atoke akitambaa. Nilipanga fahali wake ajifunze kusema, amtukane mbele ya mchungaji. Lakini aliyeniudhi zaidi alikuwa mama. Nilimwona mwoga. Nilisema moyoni kwamba baba angekuwa hai angeinua nyundo yake ya mawe, na huyu anainua kijiko.

Kitu kimoja tu alitukataza kuhusu kipande kile. Sisi watoto tulikuwa tukikata majani ya makonge tusuke kamba, na baada ya mvua, machipukizi madogo yalianza kujitokeza kwenye nyasi za fahali, laini, mazuri kwa kamba. "Hayo msiyaguse," mama alisema. "Kateni kwingine kokote." Hatukuuliza. Nilifikiri anamwogopa mwenye fahali.

Nilipokuwa darasa la saba, mama alishikwa na homa ya kichwa siku ya Jumatatu. Tulimpeleka mjini hospitali, na wiki haikuisha. Watu hupenda kusema kwamba alijua, ndiyo maana alitufundisha kazi zote zile mapema. Hakujua. Wiki hiyo hiyo alikuwa amenunua vifaranga. Alitufundisha kwa sababu aliamini mtoto ni mtu, basi.

Baada ya mazishi, viti vilikuwa bado havijarudishwa kwa wenyewe, baba mdogo aliita kikao uani kwetu. Aliongea akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayesambaza vitu ambavyo vimeshapata wenyewe.

"Huyu kijana ataenda Konza, kuna mtu niko na yeye huko anataka wa kuchunga ng'ombe. Msichana kuna mama mmoja huko Syokimau anatafuta wa kushika mtoto. Huyu mdogo atakaa kwangu."

"Na shamba?" mtu akauliza.

"Shamba nitaliangalia. Si ni la ndugu yangu?"

Mwikali alinishika shati kwa nyuma. Kimeu, aliyekuwa ameukalia mchi wa kinu akiuendesha kama punda, aliuliza kwa sauti kama kuku wake nao wataenda Syokimau. Hakuna aliyecheka.

Aliyesema alikuwa mwaitu Kalondu, yaani mama Kalondu, mzee aliyeongoza mwethya wa kijiji. Mwethya ni kundi la majirani wanaochimbiana mitaro kwa zamu. Leo wanachimba kwako, siku nyingine kwangu. Mwenye nyumba anaonyesha mahali pa kuchimba, na mwenye nyumba analisha watu. Hakuna sheria nyingine, lakini hizo mbili hazijawahi kuvunjwa.

"Nzioka," alisema mwaitu Kalondu, "zamu ya nyumba hii inakuja mwezi ujao."

"Mwaitu, tutaruka. Nani atalisha watu? Hawa?" Akanionyesha kwa kofia. "Huyu bado anakula akijimwagia."

"Nyumba inayolisha mwethya ni nyumba, na nyumba haigawanywi kama nyama ya mbuzi. Sisi tutakuja na majembe yetu. Tukila tukashiba, watoto watabaki hapa na shamba lao, na sisi tutakuwa tukiwaangalia. Tukikosa, wapeleke unakotaka."

Baba mdogo aliangalia watu, akaona wote wanatikisa kichwa kukubali. Akacheka. "Sawa, mwaitu. Basi nitakuja na njaa, mimi mwenyewe."

Sikurudi shule. Mwalimu alituma watoto waniite, nikawaambia niko na kazi. Ghala la mama lilikuwa na mahindi, mbaazi zilikuwepo, na kanisa lilikubali kutuazima sufuria zake kubwa. Nikaenda nyuma ya jiko kuchukua kinu. Hakikuwepo. Mke wa baba mdogo alikuwa amekichukua siku ya mazishi, akasema anakirudisha jioni. Nilipomfuata, alinijibu akiwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Kinu cha nini, na nyinyi mnaenda? Baba mdogo wako amesema kikae huku. Kama ni chakula, si mpike tu mahindi na ngozi yake."

Alijua alichokuwa akisema. Kundi lile lilikuwa na wazee ambao meno yao yalikwisha zamani. Mahindi yenye ngozi wangeyageuza mdomoni, wangeyatema kwa adabu, na tungekuwa tumeshindwa. Alichosahau ni mchi. Mchi haukuchukuliwa kwa sababu Kimeu alikuwa ameukalia.

Nililala na hasira, nikaamka nayo. Halafu nikakumbuka mwaka ambao kinu chetu kiliazimwa kwa watu wa harusi kikakaa huko. Mama hakulalamika. Alituchukua mpaka kijitoni, mahali mto unapokauka na kuacha mwamba mtupu, na kwenye mwamba huo kuna shimo la mviringo, laini kama ndani ya bakuli, lililochimbwa na michi ya wanawake ambao majina yao hayajulikani tena. Tulitwanga pale siku nzima. Nilidhani tumekwenda kucheza.

Tukaenda. Mwikali alibeba mahindi kwenye kiondo, mimi mchi, Kimeu nyungo mbili kichwani kama kofia ya askari. Nikanyunyizia maji, nikaanza. Niwaambieni ukweli, sikutwanga kwa upendo. Kila mchi uliposhuka nilisema jina moja, Nzioka, Nzioka, na mwamba ukaitikia mpaka bonde likajua. Mahindi makavu hulia yakipigwa. Ngozi ikianza kuachia, sauti hubadilika, inakuwa kama watu wanaonong'ona. Niliposikia minong'ono nikasimama, nikapepeta, nikampa Mwikali ungo. Mikono yangu ilikuwa imechubuka. Mwikali alikuwa mdogo, gauni la mazishi lilikuwa bado linaburuzika chini. Aliingiza mkono, akachota, akatazama kiganjani.

"Rudia," akasema.

Tukatazamana. Ile sauti haikuwa yake. Kimeu alianza kulia, akiwa na ungo wa pili kichwani hivyo hivyo. Nikachukua mchi, nikarudia.

Siku ya mwethya walikuja kama thelathini, wanawake wengi na wanaume wachache, majembe mabegani, na baba mdogo kati yao, maana mwanachama asiyeenda kwa wenzake, kwake pia hawaendi. Moto ulikuwa umewaka tangu alfajiri na sufuria zilikuwa zikitokota. Baba mdogo alipita karibu na jiko, akanikuta nikikoroga kwa mwiko mrefu.

"Hee! Bibi harusi! Leso umeiacha wapi?"

"Imefuliwa, inakauka," nikamjibu, na wanawake wakacheka, na yeye akaacha kucheka.

Mwaitu Kalondu akaegemea jembe lake. "Mwenye nyumba, tuchimbe wapi?"

Wote walinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo, na nilikuwa nimevaa kaptura ya shule. Nilikuwa nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile kwenye mwamba. Kwa maana niliporudi jioni ile na mchi begani, jua likiwa limelala upande, nilipita juu ya nyasi za fahali na nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona. Nikashuka nao mteremko, nikapita makonge makubwa, nikaingia kwenye nyasi.

"Hapa," nikasema. "Kutoka hapa mpaka kule."

"Hapo ni kwangu!" baba mdogo akasema. "Huyu mtoto amechanganyikiwa. Mpaka si huo hapo juu?"

Mwaitu Kalondu alisogea mbele. Aliinama, akazitenga nyasi kwa mpini wa jembe. Chipukizi la konge. Akasogea, akatenga tena. Jingine. Wanawake wakaingia kila mmoja mahali pake, wakatenga nyasi, na kila mmoja akaita, "Hapa liko!" "Na hapa!" mpaka machipukizi yakaonekana yote, mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, pale pale babu alipoyapanda. Mtu mwenye haraka aking'oa konge huchukua shina. Mizizi hana muda nayo.

Mama yule wa ndoo ya maji, aliyekuwa akiniuliza habari za mchumba, ndiye aliyepaza sauti.

"Nzioka! Ulihamisha wazazi ukasahau watoto?"

Kicheko kile nilikisikia mpaka kwenye nyayo. Walicheka wakashika majembe wasianguke. Walipomaliza, mwaitu Kalondu alimwambia baba mdogo kwa upole kabisa, "Mwenye nyumba ameonyesha. Chukua nafasi yako, baba."

Akachimba. Mnajua mtaro wa kwetu unavyochimbwa, udongo unarushwa upande wa juu ujenge tuta. Upande wa juu ulikuwa wetu. Kila alipoinua jembe, baba mdogo Nzioka aliurudisha udongo wetu kwetu kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilisimama kando ya sufuria na mwiko wangu, nikitazama kila tone la jasho lake. Sijawahi kuona mtaro mzuri kama ule. Bado upo, na maji ya mvua yakijaa ndani yake huwa nakwenda kuyatazama.

Walipokaa kula, baba mdogo hakuwepo. Alisema ana shughuli mjini, akashuka kwake na jembe lake. Mwaitu Kalondu alipewa sahani ya kwanza. Alitafuna polepole, macho yamefungwa, na sisi watatu tulisimama mbele yake kama watu wanaosubiri kuhukumiwa. Mwikali alikuwa amenishika shati kwa nyuma tena.

"Hii imetwangwa na nani?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Kwa kinu gani?"

"Kwa mwamba."

Akafungua macho. "Nina meno mawili," alisema akiwageukia watu, "na leo yote mawili yamepumzika. Hii ni nyumba. Niongezeni."

Nilipaswa kufurahi nikatulia. Sikutulia. Nilikuwa bado sijashiba. Nikachukua sahani yenye ukingo wa buluu, nikaipakua mpaka ikafanya kilima, nikaifunika. Mlio ule. Nikapita njia ya juu, mchana kweupe. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake, viatu bado vina udongo wetu.

"Baba mdogo," nikasema, "ulisema utakuja na njaa."

Alikuwa amechimba tangu asubuhi, na mvuke wa muthokoi ulikuwa umemfikia. Niliweka sahani magotini pake nikasimama. Sikuondoka. Nilisimama mpaka alipoanza kula, na nikamtazama akila. Mke wake alitoka, akaniona, akarudi ndani. Kinu chetu kilikuwa pale mlangoni, wamekigeuza wakakifanya kiti. Nikakibeba begani, kizito vile vile, nikarudi nacho kwa njia ya juu, mbele ya milango yote. Watu wakaniuliza nimetoa wapi. Nikawajibu kwa sauti.

Ni njiani pale, nadhani, ndipo nilipoanza kufahamu, ingawa ilinichukua miaka mingi kumaliza. Njia ya mkato haikuwa na nyoka. Tuliipita siku zote tukienda kuteka maji, tukienda shule, tukikimbizana pekupeku, na mama hakutukanya hata siku moja. Ni sahani tu iliyokatazwa kupita huko. Kila Jumapili, miaka yote ile, mama alikuwa akiutangazia mlima mzima bila kufungua mdomo nani amemwibia mjane na nani anamlisha mwizi. Zile "ahaa" nilizokuwa nikizichukia zilikuwa watu wakisikia. Ndiyo maana siku ya kikao wote walitikisa kichwa kumkubalia mwaitu Kalondu. Ndiyo maana machipukizi hayakuguswa. Nilimdhania mama mwoga, kumbe alikuwa ameshika adui yake shingoni kwa upole, akingoja mikono yetu ikue.

Wachungaji husema mama alitufundisha kusamehe. Sijui walimwona wapi. Alitufundisha kumpikia adui chakula kizuri, chenye chumvi ya kutosha, kila wiki, na kutokukosea. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kusamehe. Kusamehe unaweza siku moja ukamaliza.

Sasa mimi ni mtu mzima. Hatukugawanywa. Mwikali anashona nguo kwenye kiwanda kimoja Athi River, na hapo ni fundi ambaye wasichana wapya humwogopa, kwa sababu huwarudishia kazi yao na neno moja. Kimeu ana kuku wengi kuliko wanaohesabika. Baba mdogo amezeeka. Mke wake alikwenda kuishi kwa binti yao Mlolongo, hakurudi, na mzee amebaki na kigoda na kofia. Na kila Jumapili anakula muthokoi wangu.

Mwikali hunipigia simu akanisihi. "Mutinda, si umsamehe huyo mzee, amebakisha nini?"

"Ninampikia."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu. Muulize mama."

Anacheka, lakini hafurahi. Ananiuliza binti yangu atajifunza nini kwangu. Nami huwa namwambia atajifunza kutwanga.

Jumapili iliyopita nilifunika sahani nikamkabidhi binti yangu, ambaye naye ameitwa kwa jina la mama. Yuko darasa la nne. Alikunja uso, maana habari hizi zote anazijua.

"Baba, kwa nini tunampa na alikuwa mbaya?"

"Peleka kabla haijapoa. Na upite njia ya juu."

"Njia ya mkato haina nyoka," akaniambia. Huyu mtoto anaona.

"Pita njia ya juu," nikasema.

Alikwenda akikanyaga kwa hasira, na hatua zile nilizijua. Nilikaa uani nikimsubiri. Aliporudi alikuwa anakimbia, ameshika sahani kwa mikono miwili kama kitu kilichojaa. Ilikuwa imeoshwa. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto, sahani ilikuwa imeoshwa, inang'aa mpaka kwenye lile sikio lililobanduka, na ndani yake kulikuwa na konzi ya mbaazi mbichi, zimemenywa moja moja, na mtu ambaye vidole vyake vinatetemeka lazima alizimenya asubuhi nzima.

"Amesema nikuambie chumvi ilikuwa sawa," binti yangu alisema.

Nilizichota mbaazi zile, nikazitazama kiganjani, kisha nikazimwagia kuku, wakazigombania. Kuku hawana kinyongo na mtu. Halafu nikachukua maji na sabuni, nikaketi chini na sahani.

"Lakini hiyo ni safi, baba," akaniambia.

Nikaiosha hata hivyo.